Asubuhi Bila Sauti Yake

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kifungo. Uso wake nilikuwa bado sijautazama. Watu wakiingia dukani mimi huanza na nguo zao, kwa sababu nguo hazinitazami. Shati lilikuwa jeupe, la kitambaa kizuri, limenyooshwa vizuri. Lakini kifungo cha katikati kilishonwa kwa uzi wa bluu, na uzi ule ulizungushwa juu, chini na pembeni, kama mtu anayemfunga mbuzi asitoroke. Nikajua amekishona mwenyewe. Nikajua pia kwamba nyumbani kwake hakuna mtu wa kumcheka.

Nikacheka mimi. Kidogo tu, uso nikiuficha kwenye kitenge nilichokuwa nashona.

“Kuna nini?” akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha Tanzania. Wazazi wake walimlea Bukoba kabla ya kurudi Rwanda.

“Hakuna,” nikasema.

Mukamana, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu, akanijibia kama kawaida yake. “Anacheka kifungo yako, Profesa. Uyu hasemi, lakini anaona.”

Hivyo ndivyo nilivyomjua Byiringiro, mvua kubwa zikianza. Siku ninayotaka kuwasimulia mvua zilikuwa zimekwisha. Ziwa lilikuwa limetulia, na ilikuwa siku yake ya kuondoka Gisenyi, mji wetu wa Rwanda unaopakana na Goma.

Yeye ni profesa wa masoko. Mama aliposikia kazi hiyo alishika kiuno. “Profesa wa soko? Mi niko mu soko toka nikiwa mu mugongo ya mama yangu, na hakuna mutu alinipatia diplome!” Lakini siyo soko la nyanya analolisoma Byiringiro. Anasoma namna simu inavyomshika mtu mkono na kumpeleka kununua kitu ambacho hakukitaka, na namna mtu huyo anavyoweza kujifunza kuutoa mkono wake. Wale wanaoshikwa upesi ana jina lao. Anawaita wateja walio rahisi kuumizwa.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Kosa langu lilikuwa kijani. Kwenye simu yangu ya kwanza, ile ndogo, kitufe cha kijani kilikuwa cha kupokea na chekundu cha kukata, na Mama alinifundisha kwamba kumkatia mtu simu ni dharau. Nilipopata simu kubwa nikaendelea vilevile. Kila palipotokea kitu cha kijani nilibonyeza, ili nisimdharau mtu. Maneno yaliyoandikwa juu yake sikuyaelewa, nilielewa rangi. Nikajikuta nimeagiza vitambaa ambavyo sikuvipenda, nimeingia kwenye vikundi vya watu nisiowajua, na kila siku wananiambia niharakishe.

Nilipomweleza hayo Byiringiro hakucheka. Aliweka kalamu chini. “Adabu,” akasema polepole, kama mtu anayeonja kitu. “Kumbe wanakula adabu yenu.”

Utafiti wake, namna nilivyouelewa, ulikuwa hivi. Wanawake tuligawanywa kwa kura, makundi mawili. Kundi moja lilipata sauti: kila asubuhi simu inalia, na sauti ya Profesa mwenyewe, iliyorekodiwa, inazungumza nao kwa upole, kwamba kabla ya kubonyeza upumue kwanza, ujiulize ni nani anayekuharakisha. Kundi la pili halikupata kitu. Lilikuja tu kuulizwa maswali, ili mwisho wa kazi ionekane kama ni sauti iliyobadilisha watu au ni watu waliobadilika wenyewe. Aliyejua nani yuko wapi ni Iribagiza peke yake, msichana wa chuo aliyekuwa msaidizi wake. Profesa alifichwa, asije akatupendelea. Na sisi tuliahidi kutomwambia mpaka kazi ifungwe.

Lakini kila alipokuja kwa maswali alikuja pia na suruali. Ileile. Mara anasema ni ndefu, mara anasema bado inaburuza. Tuliipunguza mpaka Mama, siku aliyoikuta mezani, akasema ikirudi tena tuishone kaptura, tumpeleke shule.

Alikuwa akikaa kwenye benchi karibu na mlango, mvua ikimnyeshea kiatu kimoja, na hasogei. Mwanzoni yeye ndiye alikuwa anaongea. Halafu, sijui lini, nikawa naongea mimi. Nilimwambia kwa nini niliacha shule kabla ya kumaliza msingi, kwamba Mama alikuwa anavuka mpaka kwenda kuuza Goma kila siku na mtu alipaswa kubaki na mdogo wangu. Wengine wakisikia hayo hunipa pole. Yeye alisema, “Mdogo wako alikuwa na bahati.” Usiku ule sikuhisi baridi ya mvua.

Siku moja, duka likiwa tupu, akaniambia kwamba atawaleta wajomba zake nyumbani kwetu Nengo waseme neno la posa. Niliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Akaliona hilo. Akageuka kutazama nje, na nikaona shavu lake likitabasamu.

Halafu wiki zikapita. Wajomba hawakuja. Suruali nayo haikurudi.

*

Asubuhi ya kufunga utafiti, Mama hakuvuka mpaka. Alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akanitazama nikijifunga kitambaa kichwani.

“Unajipamba juu ya nani? Sababu ya nani?”

“Juu ya mukutano, Mama.”

“Eeh. Mukutano iko na macho?”

Akavuta kigoda karibu yangu.

“Sikiliza, mutoto wangu. Mi sina shida na masomo yake. Ata na Bukoba yake sina shida. Lakini kazi ya ule mutu ni nini? Ni kujua namna mutu anapendeshwa kitu. Donc, basi, kamba yote yenye iko mu roho ya mutu, yeye anaijua. Akitaka batu bapende sabuni, batapenda sabuni.”

“Mi nimemupenda yeye, siyo sabuni.”

Ilinitoka kabla sijaishika. Mama akafumba macho kidogo.

“Ndiyo, njo ile nasema,” akasema kwa sauti ya chini. “Ni yeye alitaka umupende, ao ni we ulitaka? Unaweza kujua aje?” Kisha, kwa kuwa Mama hawezi kukaa na huzuni muda mrefu, akaongeza, “Na wale wajomba yake? Balipotea njia? Nengo siyo Ulaya.”

Nilitoka nyumbani na swali lake likinifuata mpaka mjini. Nilipita chini ya miti ya barabara ya ziwa, na kwa mara ya kwanza nikautilia shaka moyo wangu, kama mtu anayekuta kitu mkobani na hakumbuki kukiweka.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, soda na maandazi. Iribagiza alisimama mbele akapiga makofi.

“Leo kazi imefungwa. Ahadi yenu imekwisha. Aliyekuwa anapata sauti aseme, aliyekosa aseme.”

Kelele zikapanda mpaka kwenye mabati.

“Mi nilikuwa napata!” Mukamana akasimama. “Jumapili, tukiwa ku nyumba, bwana yangu alikuwa anauliza, uyu mwanaume anakusalimia asubuhi mbele yangu ni nani? Nikamwambia ni profesa. Akasema, profesa ya nini, saa ya uji?”

Watu wakacheka mpaka soda zikamwagika. Aliyekaa nyuma yangu akanigusa bega. “Na we, Igihozo?”

Nilitikisa kichwa. “Mi, hapana.”

“Ata kidogo?”

“Ata kidogo.”

Ndiyo. Mimi nilikuwa kundi la kimya. Byiringiro hakuyasikia hayo, alikuwa nje kwenye gari, anahangaika na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Alipoingia nayo, sote tukanyamaza kama wanafunzi. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, yakafika kwangu, yakasimama. Yakaondoka haraka, kama mkono ulioguswa na sufuria ya moto.

Alizungumza vizuri. Kisha picha ya kitu cha kijani ikatokea ukutani, kikubwa kama mlango.

“Kuna mwanamke mmoja hapa mjini,” akasema, “mshonaji. Hakumaliza shule ya msingi. Alifundishwa kwamba kijani ni adabu. Huyu ndiye mteja aliye rahisi kuumizwa, na wanaomuumiza wanamjua vizuri kuliko sisi.”

Wanawake wakageuka, mmoja baada ya mwingine. Hawakunicheka. Ingekuwa nafuu wangenicheka. Alikuwa akinisema kwa heshima kabisa, lakini pale ukutani sikuwa na jina wala mikono. Yale yote niliyomwambia mvua ikinyesha yalikuwa yamepungua, yakabaki rangi moja.

Niliweka chupa chini ya kiti, nikatoka.

“Igihozo, soda yako!” Iribagiza akaniita mlangoni. Sikugeuka.

*

Chini kwenye ziwa ukungu ulikuwa umeshuka mchana ule. Maji na mbingu vilikuwa vya rangi moja, kama maziwa yaliyotiwa maji. Goma haikuonekana, mtumbwi haukuonekana. Hata hatua zangu kwenye mchanga sikuzisikia. Nilitembea kama ninaota, na ningependa ndoto iendelee mpaka mahali ambapo hakuna mtu anayenijua.

“Igihozo. Tafadhali, subiri.”

Nilisubiri, ila sikugeuka. Nilimsikia anahema. Alikuwa amekimbia na viatu vyake vya kazi.

“Nimekuudhi.”

“Umenisema mbele ya batu.”

“Sikutaja jina lako.”

“Mushonaji mwenye hakumaliza shule. Mule ndani tulikuwa wangapi? Mukamana iko na cheti ya shule mu fremu!”

“Hadithi yako ndiyo iliyonifungua macho. Nilitaka waione kama nilivyoiona mimi.”

“Hadithi siyo shida. Ungeniuliza, ningekupatia.” Nikageuka. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo kwa hasira. “Ile jina njo inauma. Rahisi kuumizwa. Kama ulijua mi ni rahisi kuumizwa, juu ya nini uliniambia habari ya wajomba?”

Ukungu ukapita kati yetu. Akaenda akakaa kwenye ukuta mfupi wa mawe unaotenga mchanga na barabara, mikono imelegea magotini. Bila daftari na bila mashine alionekana mdogo kuliko siku zote.

“Wajomba walikuwa tayari,” akasema. “Walishanunua hata mashati. Niliyewazuia ni mimi.”

“Juu ya shule yangu.”

“Hapana!” Alisema kwa nguvu mpaka ndege mmoja akaruka majini. “Hapana, Igihozo. Kaa, nikueleze. Ukishasikia uende, sitakufuata.”

Nilikaa. Siyo karibu yake, lakini siyo mbali.

“Kuna jambo ninalifundisha kila mwaka,” akaanza, akitazama maji. “Mpe mtu sauti ya upole kila asubuhi, akiwa bado hajaamka vizuri. Isimwombe kitu. Imjali tu. Ataizoea. Kisha ataingoja. Mwisho ataiamini kuliko ndugu zake. Na siku atakayokutana na mwenye sauti, moyo wake utaruka, naye atasema haya ni mapenzi.” Akajipangusa uso. “Nilitumia njia hiyo kwa nia njema, kuwasaidia watu wapumue. Lakini ni njia ileile wanayoitumia wale wanaowalaghai. Sauti ni yangu. Kama ulikuwa unaipata, basi namna unavyoinua macho nikiingia dukani, lile gurudumu ulilolizungusha bila kitambaa, vyote nimevipanda mimi. Nitakaaje mbele ya mama yako niseme unanipenda, wakati huenda mapenzi hayo nimekuuzia?”

“Mama anasema vile vile,” nikasema.

“Mama yako anasema?”

“Anasema unaweza kupendesha batu sabuni.”

Akacheka bila kutaka, kicheko kikakatika njiani. “Mama yako ana akili.”

“Muulize Iribagiza basi. Yeye anajua mi nilikuwa kundi gani.”

“Kazi imefungwa, ningeweza kumuuliza tangu asubuhi.”

“Na hukumuuliza.”

“Naogopa.”

“Unaogopa nini?”

Akanigeukia, na safari hii macho yake hayakukimbia. Yalikuwa mekundu. “Naogopa atasema ulikuwa unaipata. Hapo itanibidi nikuache, na sijui kama nitaweza. Afadhali niondoke leo bila kujua.”

Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo, na mtu anayetaka kitu huku ameificha mikono nyuma asikichukue. Maji yaligusa mchanga na kurudi, yaligusa na kurudi. Nikawaza, Mama na huyu mtu hawajawahi kula meza moja, lakini wanaufikiria moyo wangu namna moja, kama kikapu kilichowekwa sokoni, kila apitaye anatia chake. Wote wawili wananipenda. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kikapu.

Honi ikalia barabarani. Sauti ya Iribagiza ikaja ndani ya ukungu, “Profesa! Dereva anasema twende, ukungu mlimani utakuwa mzito!”

Byiringiro akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

“Nitakuandi…” akaanza, akakumbuka kwamba kusoma kwangu ni kwa shida, akaona aibu. “Nitakupigia simu.”

“Usipige.”

Alidhani namfukuza. Niliona mabega yake yakishuka, akageuka kuifuata honi. Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimeacha watu waondoke kwa sababu neno lilichelewa kufika mdomoni, nikamshika mkono wa koti.

“Usipige, juu simu sitaki. Kaa hapa, mi niseme.”

Akasimama palepale. Nikauachia mkono wa koti, nikatazama viatu vyake, kwa sababu nikimtazama usoni nisingefika mwisho.

“Mi sikupata sauti yako. Ata siku moja.”

Viatu vile vikanigeukia.

“Ni Mukamana alikuwa anapata. Simu yake ilikuwa inalia tukifungua duka. Iribagiza alituambia, mwenye hayuko mu kundi ya sauti asisikilize ya mwenzake, kazi ya Profesa itaharibika. Donc ikilia, mi nachukua pasi ya makaa, natoka nayo inje. Napuliza makaa mpaka Mukamana aniite, imeisha.”

“Kila asubuhi?”

“Kila asubuhi. Ata siku yenye hakuna nguo ya kunyoosha.”

“Na mvua?”

“Nilikuwa nasimama chini ya bati ya mwenye kuuza viatu. Alikuwa ananiuliza, we dada, unapiga pasi nini, ukuta?” Nikasikia kitu kama kicheko kikimtoka, au kilio, sikujua. Nikaendelea. “Mukamana alikuwa anasema, ingia tu, nani atajua? Na mi nilikuwa nataka kuingia. Pale dukani hakuna mutu alikuwa anataka kusikia ile sauti kunishinda. Lakini ilikuwa kazi yako. Nikabaki inje na moshi mu macho.”

Honi ikalia tena. Hakuna aliyeisikia. Byiringiro alirudi akakaa kwenye ukuta polepole, kama mzee.

“Uliniheshimu mpaka hapo,” akasema, “na mimi nikakuweka ukutani.” Alifunika uso kwa viganja, akavitoa. “Kwa hiyo haikuwa sauti.”

“Hapana.”

“Basi ilikuwa nini, Igihozo?”

Lilikuwa swali dogo, lililoulizwa kwa kunong’ona. Siyo la profesa. Profesa huuliza akiwa na kalamu mkononi, na huyu mikono yake ilikuwa mitupu, imefunguka magotini.

Jibu nilikuwa nalo siku nyingi. Nimeliwaza nikikunja pindo la ile suruali. Nimeliwaza nikivuka barabara, nikiosha sahani, Mama akiniita nisisikie. Nalijua kwa Kinyarwanda na nalijua kwa Kiswahili, maana redio haichoki kuliimba. Lakini mdomoni mwangu halijawahi kupita, hata nikiwa peke yangu, hata kwa sauti ya chini. Nilikuwa naogopa kwamba likishatoka litakuwa la watu wote.

Ukungu ulikuwa umetuzunguka mpaka barabara ikapotea. Nikamtazama usoni.

“Mi nakupenda,” nikasema. “Hakuna mutu alinifundisha.”